Betri ya Nzai Darini

Nzai alipokwenda vitani kuendesha malori ya jeshi, aliacha nyumbani Magongo mke, mama, na betri. Betri ilikuwa ya lori la tajiri wake, lililopandishwa juu ya mawe kwa kukosa petroli. Tajiri alimwambia, vita vikiisha ukiniletea betri hii nzima, usukani ni wako. Siku zile betri hazikupatikana hata za dawa.

Mama yake, Kafedha, akaipandisha darini juu ya meko, pale anapoweka mahindi ya mbegu yapigwe moshi yasiliwe na wadudu. Kwake, kitu akipendacho mtu huwekwa hapo. Kila asubuhi aliijulia hali kama mgonjwa.

Kila mwezi Kache, mkewe Nzai, huishusha akajitwika mpaka kwa fundi Mutua, itiwe umeme. Mwezi wa nne Mutua alifungua vizibo, akachungulia, akaguna.

"Maji yamekauka nusu. Mnaiweka wapi, shemeji?"

"Darini. Juu ya moto."

"Kumbe mnaipika! Joto linaimaliza hii. Ikae juu ya ubao, mahali pa baridi, na muinyweshe maji ya mvua. Ikishuka leo itapona. Ikikaa huko miezi miwili zaidi, basi tena."

Kache akarudi nayo kichwani, na wala si shingo iliyomuuma. Atamwambiaje mavyaa wake kwamba anamuulia mwanawe kazi? Mama yule hakuwa mkali. Tabu ni kwamba angelia.

Jioni, wakimenya muhogo, akasema, "Mama, kitendawili."

"Tega." Kafedha akaweka kisu chini. Magongo nzima hapakuwa na aliyewahi kumshinda.

"Nina mgeni wangu, hali, anakunywa tu. Nikimtunza kama mbegu, anakufa."

Macho ya Kafedha yakapanda darini polepole, yakashuka.

"Kimenishinda," akasema. "Nakupa mji."

"Mji gani, mama?"

"Chukua Miritini yote na reli yake. Una ulimi wewe, mwana wa watu." Akajifuta macho kwa ncha ya leso, huku anacheka. "Haya inuka, tumteremshe. Chini ya kitanda changu pana baridi?"

"Pana baridi, mama."

"Basi mimi nahamia chumbani kwako. Kitanda kile kina kelele, atakosa usingizi."