Mwenye Anaandika ku Hewa Bora

Mimi Mwenya, ninafuaka manguo ya mademoiselle Gracia, ku mutaa wa Hewa Bora, siku mbili kila juma. Yee iko mwanafunzi wa master mu Anglais ku université. Mwezi wa tatu alisikia kama kuko concours, mashindano ya banafunzi ba Anglais: kila muntu aandike hadisi moja mu Kingereza, na mwenye kushinda ataenda inje ya inchi miezi sita kufundishwa kuandika mabuku. Nafasi ilikuwa moja tu, na yee alikuwa hana hadisi.

Alikuja kukaa pembeni ya bassin yangu ya kufulia, daftari juu ya magoti. "Mwenya, weye unaangaliaka bantu sana. Nipe muntu mumoja."

Nikamupa yaya yangu Chanda, dada yangu mukubwa, mwenye alikufa ku Kipushi mwezi wa kwanza. Nikamuambia vile alikuwa anavukisha unga ku mupaka, vile bantu bote ba soko balikuwa banamuogopa kidogo. Sikumuambia byote. Maneno ingine ni ya bandugu tu.

Kwetu, muntu akikufa, jina yake haibakiake bure. Kisha kilio famille inakutana, inachagua mutoto, banamufunga ushanga mweupe ku mukono na kumuita na ile jina. Tangu pale yee njo ule muntu, hata bakubwa banamusalimia na heshima yake. Mbele ya ile siku, hakuna mwenye anajiita ile jina. Ya Chanda ilikuwa inangojea Julienne, mutoto wa kaka yangu Guelord. Nilitaka ile tu: jina ipate muntu, yaya yangu apumzike.

Lakini concours ilikataza kuweka jina ya kweli juu ya hadisi; kila muntu ajichagulie jina ingine. Siku moja napanguza meza, naona makaratasi. Kingereza siijue, ila jina ninaweza kusoma. Pale juu aliandika jina yote ya yaya yangu: Chanda Mukuka.

"Inasikika muzuri, ao?" akaniuliza.

Nikaendelea kupanguza meza, sikumukataza. Ile kosa ni yangu.

Juma ya pili nilimukuta anakula bukari, ile ugali yetu, na mukono wa kushoto, sawa Chanda. Kisha akaanza kucheka kwanza, njo aseme, sawa Chanda. Nikaendelea kufua. Siku moja naanika mashuka, sauti inatoka nyuma yangu: "Kimya, ile kona inagusa chini."

Kimya ni jina yenye Chanda alinipa mu utoto. Hakuna mwingine alikuwa anaijua. Niligeuka: Gracia alikuwa anaandika, hata hakuinua kichwa.

Siku ya posho, jumamosi, famille tukakutana ku Kipushi kumupa Julienne jina. Tantine Bwalya, shangazi yetu, akafunga ushanga ku mukono ya Julienne. Uzi ikakatika. Akafunga na uzi mupya, ile pia ikakatika. Mutoto hakulia. Akasema pole pole: "Tantine Chanda haiko hapa. Iko ku Hewa Bora, anaandika."

Bantu bote bakanigeukia, sababu mimi njo ninatumikaka kule. Nikaeleza byote. Tantine akanitukana kidogo, kisha akasema niende nimuombe Gracia aiache ile jina na kinywa yake mwenyewe, mbele ya kuanza kuitika nayo; akiitika, haitarudi tena.

Siku ya kwanza, jumatatu, nikamukuta Gracia mu salon na barua. Alishinda. Bantu ba concours balikuwa banamuuliza sasa jina yake ya kweli, ya ku passeport. Nafasi ya kuiandika ilikuwa wazi pale chini ku karatasi.

"Mademoiselle, andika Gracia," nikamuambia. "Ile ingine uiache. Sema tu kama unaiacha."

Akacheka kwanza. "Niache jina yangu, Kimya? Niitwe nani basi?"

Akaandika pole pole, na mukono wa kushoto. Nilisoma: Chanda Mukuka. Ku passeport hakuna ile jina. Bale bantu batamukatalia tu, na ile nafasi ya miezi sita itapotea. Nilijua, na yee hakujali.

Telefone yake ikalia. Ilikuwa mama ya Gracia, mama Ntumba, mwenye anakaa ku Kambove. Yee aliangalia telefone sawa kitu ya mugeni, akaisukuma kwangu.

"Gracia iko?" mama akauliza.

Nikamuangalia yaya yangu mu sura ya Gracia. Akatikisa kichwa.

"Haiko, mama," nikajibu.