Kisogo cha Pindari

Dulcie Tranter alikuwa na mikono mikubwa, na wala hakuionea haya. Kwa miaka ishirini mikono hiyo ilinyoa kondoo. Mgongo ulipokataa, aliihamishia kwenye kukanda farasi, na Queensland magharibi yote, huko Australia, hakuna aliyemfikia. Alilijua hilo, na ukimuuliza angekuambia bila kupepesa macho.

Ila leo alikuwa amebanwa. Pindari, farasi jike aliyelelewa na marehemu dada yake Maeve, alikuwa amefuzu kuingia fainali ya mashindano ya kuswaga ng'ombe kuzunguka nguzo, lakini tangu asubuhi shingo ilikuwa imekaza kama ubao. Kulia anageuka, kushoto hataki, na nguzo ya pili huzungukwa kwa kushoto. Clem, aliyekuwa mume wa Maeve, alikwishakata shauri: asipolainika kufikia saa tisa, anamtoa mashindanoni, na Jumatatu anamuuza.

Dulcie akamgusa Pindari kisogoni kwa uzito wa nzi aliyetua. Kisha akaondoa vidole, akarudi nyuma hatua nne, akampa mgongo.

"Shemeji, ndiyo umemaliza?" Clem aliuliza mlangoni mwa banda.

"Ndiyo kwanza naanza."

"Kwa kumpa mgongo? Hata mimi naiweza kazi hiyo."

"Huiwezi. Inataka mtu wa kunyamaza."

Kope za Pindari zikaanza kulegea, mdomo wa chini ukatetemeka, dalili kwamba shingo inaanza kuachia. Clem uvumilivu ukamshinda. Akaingia, akamkandamiza dole gumba palepale. "Kaza mkono, shemeji! Huyu ni farasi, si kifaranga!"

Pindari akarusha kichwa juu. Shingo ikarudi ubao.

"Toka nje!"

"Farasi ni wangu."

"Na kisogo ni changu mpaka saa tisa. Toka, Clem. Maeve angekutoa kwa ufagio."

Clem akatoka. Zilibaki dakika arobaini, na Dulcie aliogopa. Mikono yake nayo ilitaka kukandamiza, iharakishe. Akaizuia. Akagusa, akarudi nyuma, akangoja huku kipaza sauti kikiita majina ya wengine. Mara ya tatu Pindari akashusha kichwa hadi magotini pake, akalamba midomo, kisha akapiga miayo mirefu, meno yote nje, na shingo ikalegea. Dulcie akalia kwa furaha, na machozi hakuyafuta.

Fainalini Pindari aliizunguka nguzo ya pili kwa kushoto, karibu mno hivi kwamba goti la Clem, aliyekuwa mgongoni, liliigusa, na ng'ombe mbele yake hakupata pa kuchomokea. Watu wakasimama. Wanaume wakamzonga Clem, wakitaka kujua amempa dawa gani.

Clem ana mdomo, kila mtu anajua. Lakini alivua kofia, akaielekeza uzioni. "Muulizeni yule. Mimi nilifukuzwa."

Dulcie alikuwa amekaa juu ya uzio, viganja wazi mapajani, anayetaka kuviona avione.

"Na Jumatatu je?" akapaza sauti.

"Jumatatu, shemeji," Clem akajibu, "utanifundisha kunyamaza."