Mawe ya Ukumbi wa Ivuuni

Chai ya saa nne ilikuwa imeshamiminwa na andazi la mwisho limeshachukuliwa wakati Mwangangi, mkuu wa Chuo cha Ualimu cha Ivuuni, alipoingia chumba cha wakufunzi na rasimu ya kijitabu cha historia ya chuo. Asubuhi za Julai huko Mbooni zina ukungu na baridi, kwa hivyo alikuwa na koti zito na hakulivua. Aliketi kando ya Nthenya Musyimi, mkufunzi wa historia aliyeiandika rasimu hiyo, akaifungua katikati.

"Mwalimu, umeandika vizuri," alisema. "Lakini hapa pa akina mama, punguza kidogo."

"Nipunguze mpaka wapi?"

"Mpaka paishe."

Nthenya alikunywa chai yake. Sehemu yenyewe haikuwa ndefu. Ilisema kwamba chuo kilipoanza, miaka hamsini iliyopita, serikali ilileta walimu wawili na bendera. Ukumbi ulijengwa na wanawake wa mwethya, makundi ya kusaidiana kazi, ambao walibeba mawe kutoka mtoni hadi juu ya kilima, wengine wakiwa na mimba. Mmoja wao, Nzisa, aliangukiwa na jiwe lake kwenye mteremko akafa. Waliahidiwa kwamba mabinti zao watasomea hapo. Chuo kilipofunguliwa, nafasi zilienda kwa watoto wa watu waliojuana na wakubwa. Mheshimiwa Kisilu, mbunge wa wakati huo, alifika siku ya kukata utepe.

"Ukumbi sasa utaitwa kwa jina la marehemu Kisilu," Mwangangi alisema. "Mwanawe ndiye mgeni wa heshima. Huwezi kumsomea mtu mambo ya mimba na mawe siku ya babake."

"Na itaonekana nani alijenga?"

"Andika tu, 'kilijengwa chini ya uongozi wa'. Huo si uongo."

Alikuwa bado anaongea mlango ulipobishwa. Aliingia mwanamke mzee, miguu imelowa hadi magotini, na kipajini amevaa mukwa, ule ukanda wa ngozi wa kubebea mzigo mgongoni. Alikuwa Kaluki, nyanyake Nthenya, aliyefariki Nthenya akiwa darasa la saba na kuzikwa shambani kwake upande wa Kikima.

"Hamjambo nyote," Kaluki alisema. "Ukumbi bado uko pale pale?"

"Uko, susu," Nthenya alimjibu nyanyake. "Karibu chai."

"Chai itanimwagika. Siku hizi hatushiki vitu vya moto."

Mwangangi alisimama akamwonyesha njia kwa mkono, maana mgeni ni mgeni. Kaluki alivuka uwanja, akatembea kando ya ukuta wa ukumbi akigusagusa mawe kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Chini ya dirisha la pili alisimama. Alilichomoa jiwe moja, na saruji haikuleta ubishi. Akalifunga mukwa, akainama, akainuka nalo mgongoni, akashuka kilima.

Ukutani pakabaki tundu. Kupitia tundu hilo wanafunzi wa mwaka wa kwanza walionekana wakifanya mazoezi ya wimbo wa sherehe. Hawakuacha kuimba.

Siku iliyofuata walikuja wengine. Mwangangi alikuwa ameagiza kwamba mtu yeyote asiingie bila kitambulisho, na soja wa langoni akawaambia hivyo.

"Vitambulisho vyetu vilirudishwa kwa chifu tulipozikwa," walimweleza.

Soja aliona hilo ni jambo la kweli. Hata cha babake kilirudishwa vivyo hivyo. Akawafungulia.

Wiki hiyo kuta za ukumbi ziliondoka. Kila mama alilijua jiwe lake, na hakuna aliyegusa la mwenzake. Kuta zilipokwisha, paa halikushuka. Mabati yalibaki juu mahali pake, na mvua iliponyesha yaliizuia kama kawaida. Mhandisi aliitwa, akasimama chini yake kwa muda akiwa amerudisha kichwa nyuma, kisha akasema kitu ambacho hakijaanguka si kazi yake. Wanafunzi waliendelea kusomea humo. Walisema hewa imekuwa nzuri.

Mwangangi hakulala vizuri siku hizo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekiongoza chuo bila maji ya kutosha na bila mabweni ya kutosha, na mwana wa Kisilu, ambaye sasa alikuwa mbunge naye, alikuwa ameahidi bweni. Alimwita Nthenya ofisini.

"Yule aliyeanza ni nyanya yako," alimwambia. "Nenda ukamwambie warudishe mawe kabla ya sherehe."

Njia ya kwenda mtoni ilipita kwa mamake Nthenya, Kaveke. Alimkuta ameketi mlangoni akichambua kunde. Kaveke alikuwa amefaulu mtihani wake mwaka ule chuo kilipofunguliwa. Alipanda kilima na mamake Kaluki, viatu amevibeba mkononi visichafuke, wakaambiwa dirishani kwamba nafasi zimejaa. Tangu siku ile hakukanyaga Ivuuni. Hata Nthenya alipohitimu hapo, na baadaye alipoajiriwa hapo, Kaveke alimpikia kuku nyumbani na kumwombea, lakini hakwenda.

"Natumwa kwa susu," Nthenya alimwambia mamake. "Twende pamoja, mwaitu?"

"Mimi siendi. Msalimie. Mwambie tu aendelee."

Mtoni, kina mama walikuwa wameketi kila mmoja juu ya jiwe lake, wengine wakikwangua saruji kwa mchanga. Nzisa peke yake hakuwa nao. Jiwe lake halikuwahi kufika ukutani, kwa hivyo alikuwa bado amekaa nalo pale mteremkoni, na Nthenya alikuwa amemwamkia akipita.

"Susu, mkuu anaomba mrudishe mawe."

"Aseme yalibebwa na nani. Tutarudisha jioni hiyo hiyo."

"Hawezi kusema."

"Basi na sisi hatuwezi."

Nthenya alivua viatu akaingiza miguu majini. Maji yalikuwa baridi sana. Alikuwa akifikiria nyumba ya mamake, na jinsi ilivyo mbali na kila mahali ambako mtu anaweza kupelekwa.

"Nimepewa kusoma historia siku ya sherehe," alisema. "Ile fupi. Nikisoma ile ndefu watanihamisha."

Kaluki aliendelea kukwangua jiwe lake.

"Watakuhamisha," alisema. "Siwezi kukudanganya ati kwa sababu nimekufa."

"Na wewe ungefanya nini?"

"Mimi nilibeba jiwe, mtoto wangu. Kazi ya kusema sikupewa. Wewe ndiye umesoma."

Sherehe ilifanyika Alhamisi. Mahema yalipigwa uwanjani, kwaya ya chuo ikaimba, mchungaji akaomba kwa urefu. Mheshimiwa Nzau Kisilu, mwana wa marehemu, alifika amechelewa, akaketishwa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Nthenya alipoitwa alienda kwenye kipaza sauti akiwa na kijitabu kilichokwisha kuchapishwa, akakiweka chini.

"Ukumbi huu ulijengwa na wanawake," alianza.

Alisimulia jinsi mawe yalivyopanda kilima, jinsi Nzisa alivyokufa na mazishi yakafanywa asubuhi ili kazi iendelee mchana, na jinsi mabinti walivyorudishwa dirishani. Alipofika hapo kipaza sauti kilizimwa. Nthenya alikuwa amefundisha miaka mingi katika madarasa yasiyo na umeme, kwa hivyo aliongeza sauti tu.

Wakati akiongea, kina mama walitokea upande wa mtoni, kila mmoja na jiwe lake mgongoni. Safari hii Nzisa alikuwa mbele, amebeba lake, akipumua kwa nguvu. Walipita katikati ya mahema wakaingia chini ya lile paa. Hawakujenga. Waliyatua mawe yao sakafuni kwa mistari, wakayakalia, wakatazama mbele.

Mheshimiwa Nzau alipiga makofi. Alimuuliza msaidizi wake kina mama wale ni wa kikundi gani, akaambiwa ni wa hapa hapa. Katika hotuba yake aliwasalimia, akasema maslahi yao atayashughulikia, akamshukuru babake kwa kuwajengea watu wa Mbooni chuo. Kisha akafunua kibao cha jina. Kwa kuwa hapakuwa na ukuta, kilikuwa kimepigiliwa kwenye nguzo ya mbao. Wapiga picha walimwomba asogee kidogo ili mawe yasionekane.

Mwangangi alimpa Nthenya barua ya uhamisho mwenyewe, mkono kwa mkono. Shule ilikuwa Kambu, chini kwenye barabara ya Mombasa, kwenye joto na malori.

"Ungesoma tu ile fupi," alimwambia.

"Ningeisoma ningeshindwa kufundisha," Nthenya alisema. "Na wewe ungeniamkia vipi kila asubuhi?"

Nthenya alifunga vitu vyake, akamuaga mamake, akaenda. Kaveke alimsindikiza hadi stendi ya Kikima na hakulia mpaka gari lilipoondoka.

Nafasi ya Nthenya ilichukuliwa na Kiama, kijana mpole ambaye wazazi wake walikuwa wafanyabiashara Mtito Andei. Jumatatu yake ya kwanza alipewa kijitabu na kuelekezwa kwenye ukumbi usio na kuta. Wanafunzi walikuwa kwenye viti vyao. Kina mama walikuwa nyuma, kwenye mawe yao, kama walivyokuwa tangu Alhamisi ya sherehe.

Kabla hajaanza, mwanamke mmoja alipanda kutoka njia ya kijijini. Alikuwa Kaveke, na alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, vimejaa vumbi. Kaluki alijisogeza akampa nusu ya jiwe. Kaveke akaketi, akaweka mikono mapajani.

Mwangangi alikuja kutoka ofisini. "Mama, wewe hujasajiliwa hapa," alimwambia kwa upole.

"Najua," Kaveke alisema. "Mwalimu aendelee tu."

Kiama alimtazama mkuu wake, na mkuu akatazama mlima. Basi Kiama akafungua kijitabu, akasoma: "Chuo hiki kilijengwa chini ya uongozi wa Mheshimiwa Kisilu."

"Hapana," Kaveke alisema, bila kupaza sauti.

"Hapana," wakasema kina mama waliokuwa kando yake.

Kiama alidhani hakusoma vizuri. Akarudia polepole. Wakamjibu vile vile, na safari hii wanafunzi wawili wa mstari wa mbele wakajibu pamoja nao.

Kibao bado kiko kwenye nguzo. Bweni lilijengwa nalo likapewa jina la Kisilu, Nthenya bado yuko Kambu, na vijitabu husambazwa kwa kila mwanafunzi mpya. Kiama ni mwalimu anayefuata utaratibu. Kila Jumatatu huingia, huwasalimia walio hai na waliokufa, hufungua ukurasa wa kwanza na kusoma sentensi ya kwanza, na darasa lote humjibu. Sentensi ya pili haijasomwa.