Kangaja Aliyetangulia

Opondo alikuwa amekaanga samaki kando ya barabara pale Olympic, Kibera, kwa miaka mingi, kwa hiyo hakuona sababu ya mtu kumuuliza kama anawajua samaki. Alimjua ngege aliyelala kwenye barafu siku moja na aliyelala siku tatu. Mbuta alimjua kwa jicho, omena kwa kunusa. Kwamba wote hao alikutana nao wakiwa wamekwisha kufa ni jambo ambalo halikuwahi kumjia akilini, mpaka alipotaka kuoa mara ya pili.

Mwanamke mwenyewe aliitwa Valentine, ila mtaa mzima ulimwita Mama Kevin. Alikuwa mjane kutoka Bungoma, fundi wa nguo pale Kabiro, Kawangware, na Kevin wake alikuwa kijana mkubwa aliyefanya kazi Eldoret. Opondo naye alikuwa amefiwa na mke, na binti yake Audrey alikuwa ameolewa Kisumu. Watoto hawakuwa na neno. Padri hakuwa na neno. Lilibaki jambo moja tu: nani atahamia kwa nani.

Opondo alitaka Mama Kevin aje Kibera. Kwao Ujaluoni mwanamume akihamia nyumba ya mwanamke husemwa akiwa hai, na siku ya mazishi yake husemwa tena na watu waliokula chakula chake. Mama Kevin naye hakutaka kutoka Kabiro. Wateja wake walikuwa hapo, vyumba vyake viwili vilikuwa na sakafu ya simiti, na katika chumba cha mbele kulikuwa na tangi.

Tangi hilo lilikuwa la kioo, refu kama jeneza la mtu mzima. Mzungu wa Lavington aliyekuwa amemwajiri zamani alimwachia aliporudi kwao, pamoja na pampu, mawe ya baharini, na magunia ya chumvi ya kugeuza maji ya mfereji yawe kama ya bahari. Samaki wenyewe aliwagawia marafiki zake. Mama Kevin akaliwasha hivyo hivyo. Maji yakawa yanazunguka bila mtu ndani, na wateja waliokuja kupimwa nguo walikaa wakiyatazama.

"Haya maji yanangoja nani?" Opondo aliuliza Jumapili moja baada ya misa.

"Samaki."

"Si ungeniambia? Mimi ni mtu wa ziwa."

"Hii ni ya bahari, Baba Audrey."

"Samaki ni samaki."

Mama Kevin aliichomeka sindano kwenye kola ya shati alilokuwa akishona. "Basi nichagulie. Wanne. Wakikaa pamoja bila kuuana mpaka Krismasi, nafunga cherehani yangu nakuja Kibera, na tangi pia. Wakiuana, unakuja hapa wewe."

"Unacheza na mimi."

"Sijacheza. Au umeogopa samaki?"

Opondo alisema hajawahi kuogopa samaki. Wakapeana mikono kama watu wanaonunua ng'ombe.

Duka la samaki wa mapambo lilikuwa Hurlingham, na mwenyewe alikuwa Kyalo, Mkamba aliyekulia Kilifi, mtu asiyecheka. Samaki wake walikuja kwa basi kutoka pwani, kila mmoja kwenye mfuko wa plastiki wenye maji na hewa. Opondo alipita kati ya matangi mikono nyuma, kama anavyopita soko la Gikomba asubuhi akinunua samaki.

"Huyu ana meno mazuri," alisema.

"Huyo ni kikande. Ukimweka na wenzake, utabaki na yeye."

"Na hawa wawili wa rangi ya chungwa?"

"Hao ni wapole. Mume na mke. Yule mkubwa ndiye mke."

Opondo aliwatazama kwa muda. "Na mume amekubali?"

"Hajaniambia."

Akachukua hao wawili. Akachukua na kadogo keupe ambako kazi yake ni kuchimba mchanga na kujificha humo. Wa nne alikuwa kangaja, bapa kama sahani, buluu ya anga, uso mweusi, na ubavuni pa mkia alikuwa na kitu kama wembe.

"Huyo anakula majani," Kyalo alisema. "Hatawameza wenzake. Shida yake ni moja. Akishazoea mahali, mgeni akiingia anamchapa. Kwa hivyo unaanza na hawa wanyonge. Wakishapata pa kulala, unakuja kumchukua kangaja, unamweka mwisho. Akiingia mwisho, yeye ndiye mgeni. Atanyamaza."

"Nani mkubwa hapa?"

"Kwa mwili? Kangaja."

"Basi atatangulia."

Kyalo akafikiri hakusikika. Akaanza tena. Opondo akamkatiza na kumweleza, taratibu, kama unavyomweleza mtu wa mbali, kwamba katika boma mkubwa hutangulia. Mkubwa hulima kwanza, huvuna kwanza, hujenga kwanza. Mdogo akimruka mkubwa, kinachofuata ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira huanza kwa mtu kukonda bila ugonjwa.

"Hawa si watoto wa boma moja," Kyalo alisema. "Mmoja ametoka Shimoni, wengine Malindi."

"Sasa ndio watakuwa boma moja."

Kyalo alikuwa na kodi ya duka ya kulipa. Akamfungia kangaja kwenye mfuko na kusema hao wengine atamwekea.

Kangaja aliingia kwa Mama Kevin peke yake, kwa heshima zote. Opondo aliuacha mfuko uelee juu ya maji mpaka baridi ikalingana, kama alivyoagizwa, kisha akamwachia. Samaki akazunguka tangi lote, akakagua kila jiwe, akachagua pango la katikati. Mama Kevin alimpa spinachi iliyochemshwa kidogo, akaila.

"Samaki anakula mboga?" Oyoo alishangaa. Oyoo alikuwa fundi viatu aliyekaa kando ya karai la Opondo, na habari zote za tangi alizipata hapo. "Buda, huyo si samaki. Huyo ni sungura."

"Ametulia kama mzee," Opondo alisema.

"Basi umeoa. Mwambie mama aanze kufunga mizigo."

Mwezi ulipokaribia kuisha, Opondo akaleta wale watatu. Kangaja alitoka pangoni kabla mfuko haujafunguliwa. Kadogo keupe kaliingia mchangani na hakakuonekana tena siku hiyo. Wale wa chungwa hawakuwa na mchanga wa kuingia. Kangaja aliwafukuza kutoka kona hii hadi ile, akigeuza mkia ili ule wembe utangulie, na kufikia jioni yule mume alikuwa amejibana nyuma ya bomba la pampu, pezi limechanika.

"Wamesalimiana," Mama Kevin alisema.

"Wanazoeana."

"Sawa."

Opondo aliamini ni njaa. Katika kazi yake hakuna ugomvi ambao sahani ya chakula haikuumaliza. Akamwaga chakula kingi. Kangaja alikula, akapata nguvu, akarudi kazini. Opondo alipokuja tena, maji yalikuwa yamechafuka kwa mabaki, na Mama Kevin alikuwa ameshika utepe wake wa kupimia nguo, anapima ukuta.

"Kitanda chako ni futi ngapi?" aliuliza.

"Cha nini?"

"Napima tu, Baba Audrey. Naona kitaingia hapa bila kusogeza cherehani."

Mvua ya El Niño ilikuwa imeanza. Opondo alitembea hadi Hurlingham viatu vikiwa vizito kwa matope, akamkuta Kyalo anasafisha vioo.

"Unachapwa?" Kyalo aliuliza.

"Si mimi. Ni wale wa chungwa."

"Mtoe kangaja. Mweke kwenye ndoo ya maji yale yale, na bomba la hewa. Badilisha maji ya tangi kidogo. Halafu hamisha mawe yote. Pango la katikati libomoe. Wale wadogo wakae wiki moja, wachague pao. Ndipo umrudishe, na usimwashie taa siku hiyo."

"Unataka nimtoe mkubwa kwake, nibomoe nyumba, niwape wadogo, halafu yeye arudi kama mpangaji."

"Ndiyo. Kwenye ndoo."

Nyumbani kwa Opondo, kijijini Alego, kaka yake mkubwa alikuwa mtu wa kuahirisha. Alisema atajenga mwaka huu, akasema mwaka ujao. Opondo, mtoto wa pili, hakuweza kuchimba shimo hata la nguzo moja kabla yake. Alingoja mpaka ndevu zikamaliza kuota, akachoka, akaja Nairobi kukaanga samaki kwa muda tu. Mkewe wa kwanza alizikwa kabla hajapata nyumba yake mwenyewe. Sasa muuza samaki anamwambia ni jambo la kuhamisha mawe.

Alimpelekea Oyoo neno hilo. Oyoo aliacha kushona.

"Usifanye," alisema.

"Watakufa."

"Wafe. Wakifa, wamekufa kwa utaratibu. Lakini kumtoa mkubwa? Na ukifanya, mimi sikuwepo, na hatukuongea."

"Wakifa nahamia Kawangware."

Oyoo aliangalia kiatu mkononi. Pande zote mbili zilikuwa mbaya. "Hiyo pia ni mbaya," alikiri.

Kesho yake Opondo alifunga kibanda mapema, akaenda Kabiro, akakunja mikono ya shati. Kumkamata kangaja kulichukua sehemu kubwa ya alasiri. Wembe ulimpata kwenye kidole gumba, damu ikaingia majini. Mama Kevin alimfunga kwa kipande cha kitambaa cha sare ya shule na hakucheka, jambo ambalo Opondo alilihesabu upande wake. Kabla ya kushusha samaki kwenye ndoo aliinama akamwambia kitu kwa Kijaluo.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia asichukie. Si mimi, ni Mkamba."

Kisha akabomoa pango.

Wale wa chungwa walichelewa kuamini. Mke ndiye aliyetoka kwanza, akashika kona ya kulia, mume akamfuata. Kadogo keupe kakachomoza kichwa mchangani. Wiki ilipoisha, kangaja alirudishwa taa ikiwa imezimwa. Opondo alikaa kwenye kigoda cha wateja, kidole kimefungwa. Kangaja alizunguka taratibu akitafuta pango lake. Alipofika kona ya kulia, yule mke wa chungwa alitoka na kumsogelea usoni. Kangaja akageuka, akaenda kulala nyuma ya jiwe dogo ambalo hakuna aliyelitaka.

"Ameelewa," Mama Kevin alisema.

Opondo alivua kofia akajipangusa. Hakuna aliyekonda. Alingoja chira siku hiyo, akaingoja na iliyofuata, na mwishowe akasahau kuingoja. Badala yake akawa anapita Kabiro karibu kila jioni na fungu la spinachi. Hakuenda Gikomba siku ya kubadilisha maji. Aliwajua sasa wakiwa hai: nani hula kwanza, nani hulala wapi.

Krismasi ilifika mvua ikiwa bado inanyesha. Samaki wote wanne walikuwa wazima. Mama Kevin alikuwa mtu wa neno lake. Opondo alipoingia alikuta cherehani imefungwa kwa kamba na vyombo viko kwenye karai.

"Umeshinda," alisema. "Leta mkokoteni. Ila sijui tangi tunabebaje."

Opondo alikwenda kumuuliza Kyalo. Kyalo alieleza kwamba maji hayawezi kubebwa yote, mapya yatahitaji wiki nyingi kukomaa, na mawe yakiondolewa kila samaki ataanza kutafuta kwake upya. "Labda wawili watapona," alisema. "Labda kangaja peke yake."

Opondo alirudi Kabiro, akasimama mbele ya kioo. Wale wa chungwa walikuwa wamelala kona yao. Kangaja alikuwa anatafuna jani.

"Ifungue hiyo cherehani," alisema.

Juma lililofuata, mvua ilipopumzika, mkokoteni ulisimama mbele ya nyumba yake Kibera. Oyoo alikuja kusaidia, akakuta kitanda kiko nje.

"Mama anakuja leo?"

"Haji. Mimi ndiye naenda."

Oyoo aliangalia kitanda, akaangalia mkokoteni. "Ngoja. Samaki walikufa?"

"Hawakufa."

"Walipigana?"

"Hawakupigana."

"Kwa hivyo ulishinda."

"Nilishinda."

"Sasa mbona unahama wewe?"

"Oyoo," Opondo alisema, "shika upande ule wa kitanda."