Mzunguko wa Nne

Lori lilikuwa limejaa nusu, na bado hakuna aliyefungua kinywa. Pale kilimani, juu ya bahari ya San Diego, watu wa jumuiya hawasemi neno tangu kuamka mpaka kengele ya kifungua kinywa ilie. Miaka arobaini ilikuwa hivyo, na siku ya kuhama nayo ikawa hivyo.

Delbert Rusk alikuja kusaidia kubeba, lakini swali ndilo lililomleta. Alilelewa hapa. Mafunzo aliyopewa, ya roho zinazohama sayari hadi sayari kwa mizunguko saba, alikuwa ameyatia katika hadithi za vyombo vya angani, kwenye magazeti yenye majoka ya kijani jaladani. Kitini mwa lori kulikuwa na mswada mpya. Mwalimu wake, Bi Orpha, akisema amefichua siri, Delbert atautia moto mwenyewe.

Sanduku la mwisho la Bi Orpha likamponyoka, likapasuka. Yakamwagika magazeti: hadithi zote za Delbert za miaka sita, pembeni zimejaa maandishi ya penseli. Delbert akainama asome. Bi Orpha, aliyekuwa mlangoni, akamtikisia kidole: bado. Akayaokota moja moja, jasho likimtiririka.

Kengele ikalia.

"Umekosea," Bi Orpha akasema, hata hajakaa mezani. "Toleo la Februari. Umewaweka watu mzunguko wa tano. Tuko wa nne, mwanangu. Nilikufundisha una miaka tisa, wewe unatazama mijusi."

"Nilidhani umekasirika, Mwalimu. Zile ni siri."

"Siri gani? Tumehubiri miaka arobaini, waliopanda kilima hiki hawajazi meza mbili. Wewe unaweka joka, wanasoma mpaka mabaharia." Akamsogezea uji wa shayiri. "Joka lenyewe baya, lakini."

"Sikulichora mimi."

"Basi hilo nimekusamehe." "Nilidhani nitazikwa nayo haya mambo. Nakushukuru, Delbert."

Delbert alitaka kusema kuwa anayestahili shukrani ni Mwalimu. Badala yake akaenda lorini, akaleta mswada, akauweka mbele ya Bi Orpha. Naye akatafuta penseli.

Jumuiya ilihamia bara, mbali na bahari, ikadumu miaka tisa, ikatawanyika. Bi Orpha alifariki mwaka wa tatu. Mswada alikuwa amekwisha kuusahihisha. Delbert aliandika vitabu kumi na vinne, vyote mzunguko wa nne. Alioa, na mkewe akazoea kutojibiwa kabla ya chai ya asubuhi.