Lelemama ya Kwenye Treni

Bi Brigid alisimama katikati ya sebule yake, katika kitongoji cha Erdington, mkono juu, mguu nusu hewani, kama mtu aliyeitwa akasahau na nani. Mize, msichana wa Kizanzibari aliyekuwa akimtunza, alikaa chonjo kumdaka.

"Mpaka hapa," alisema bibi. "Baada ya hapa, giza tupu."

Ujanani bibi huyu alicheza na kundi la baleti lisilokuwa na kwao: leo mji huu, kesho ule, na kila mwaka dansi mpya. Sasa kundi lilitaka kurudisha jukwaani dansi mojawapo ya enzi zile, na waliojua mwisho wake walikwisha kufa, kabaki yeye. Yarrow, mwalimu wa kundi, alikuwa akiwangoja mjini. Mwisho usipopatikana leo, dansi inaachwa.

Wakapanda treni. Bibi uso umemshuka. Treni ilipong'oka tu, vidole vyake vikaanza kutikisika mapajani. Maskini, baridi! Mize akatoa glavu, kama kila wapandapo treni. Akamvika moja, ya pili akasita. Mbona vidole vinakwenda kwa mpango? Viwili vinapanda, kimoja kinageuka, kiganja kinafunguka taratibu...

Ndivyo nyanya yake alivyokuwa akicheza lelemama, wanawake wamejipanga safu, miguu haina habari, mikono ndiyo inayosema!

"Bi Brigid, unacheza!"

Bibi akaitazama mikono yake kama ya jirani. Kisha akapiga ukelele, behewa zima likageuka.

"Tuliutunga kwenye treni! Masanduku ya mavazi yamejaa, pa kuweka mguu hapana. Mwisho wote tulifundishana kwa vidole!"

"Na mimi kila safari naufunga kwenye glavu!"

"Nivue hii nayo, mwizi mkubwa we!"

Lakini treni ikasimama mjini, na mikono nayo ikasimama. Bado kidogo tu dansi iishe! Mize akamshika bibi asiinuke, akapiga simu. "Bwana Yarrow, kimbia stesheni! Hatushuki!"

Akaja mbio, koti linapepea, akaingia mlango ukijifunga. Treni ikaondoka. Mikono ya bibi ikaamka. Ya Yarrow ikaifuata, na ya Mize pia, mabega yanamcheza, hata mzee wa mbele yao akavuta miguu kuwapisha. Vidole vikapanda, vikazunguka, viganja vikafunguka wazi, vikatulia.

"Mpaka hapa," alisema bibi, machozi na kicheko pamoja. "Baada ya hapa, pazia."