Besi Isiyokuwamo Redioni

Kwa miaka ishirini na minne hakuligundua jambo hili, wala hakuwahi kulitilia shaka: redio aliyojifunzia wimbo ule ilikuwa haitoi besi, ile sauti nzito ya chini, hata kidogo. Ilikuwa redio ndogo ya betri, spika yake pana kama kisosi, nayo ilikaa rafuni katika duka la baba yake, fundi cherehani, kati ya kopo la vifungo na chaki za kuchoria vitambaa. Hapo ndipo, akiwa na miaka kumi na sita, akikata nyuzi zilizoning'inia kwenye mashati yaliyokwisha kushonwa, alipojifunza kwa sikio ile besi ambayo baadaye ilimpa jina la Nanga. Bendi nzima, wenzake walisema, ingepeperuka kama si yeye kuishikilia chini.

Sasa Nanga alikuwa na karatasi mbili za nota mkononi, na karatasi hizo zilimwambia kwamba besi anayoijua haipo.

"Hii siyo," alisema.

Mwalimu, kiongozi wa bendi, aliyefundisha muziki chuoni na kupiga kinanda baada ya kazi, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Ndiyo yenyewe, dada. Nimekaa nayo siku nne. Nimesikiliza rekodi ya kwanza kabisa kwa hedifoni, noti baada ya noti, nikaandika."

"Basi umeandika wimbo mwingine."

"Dada Nanga," alidakia Kokoto, mpiga drams, akizungusha kijiti kati ya vidole, "leo umekutana na besi iliyovaa tai."

Hata yeye Nanga alicheka. Binti wa mtunzi wa wimbo ule alikuwa ameiruhusu bendi kuurekodi upya kwa sharti moja tu: besi ibaki kama marehemu baba yake, aliyeitunga na kuipiga mwenyewe, alivyoiacha. Studio walikuwa wameipata kwa Jumamosi asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Nisikilize bila kukasirika," Mwalimu alisema kwa upole. "Kama hadi Jumamosi haijakukaa, itabidi nimwombe mwenzangu wa chuoni aje aipige. Yeye nota anazisoma kama gazeti. Sipendi kufanya hivyo. Miaka kumi na moja tumekaa jukwaa moja. Lakini sharti ni sharti."

 Nanga alizima kikuza sauti chake, akafunga gitaa lake la besi ndani ya mfuko, akaomba aazimwe hedifoni na rekodi.

Kilichomchanganya hakikuwa noti zenyewe. Noti za karatasini na za vidoleni mwake zilikuwa karibu zile zile. Tofauti ilikuwa katika mahali zilipokaa. Za karatasini zilitua juu ya pigo, moja moja, kwa utulivu wa mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo kichwani. Zake zilikuja mbili kwa haraka, kisha ya tatu ikachelewa kidogo, kama mtu aliyesahau kitu mlangoni akarudi kukichukua. Ule uchelewaji ndio watu walioupenda. Kumbi nzima zilikuwa zimechezea uchelewaji ule.

Usiku huo alisikiliza rekodi mara nne, na mara zote nne marehemu alipanda ngazi kwa utulivu. Karatasi ilisema kweli. Nanga alijisikia kama mtu aliyerudi kwake akakuta mlango umehamishiwa ukuta wa pili, na majirani wote wanamwapia kwamba umekuwa pale siku zote.

Kama marehemu hakupiga hivyo, nani alimfundisha? Hakuwa mtunzi. Hilo alilijua na hakulionea haya. Alichojivunia ni sikio. Alikuwa amewatania wanaopiga kwa karatasi, akiwaita makarani, na utani huo sasa ulimrudia kwa ukali, hasa kwa kuwa yeye mwenyewe mchana alikuwa mtu wa karatasi: msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, akiketi tangu saa mbili asubuhi na rula na kalamu nyekundu, akilinganisha nakala na asili yake neno kwa neno. Jumatano aliyapitisha makosa mawili ambayo msimamizi wake aliyaona kabla hajavuta kiti.

"Mama, leo uko hapa kweli?" msimamizi aliuliza.

"Hata mimi sijui," alisema Nanga, na alisema kweli.

Alhamisi, baada ya kazi, alikwenda dukani kwa baba yake. Hakuwa na sababu anayoweza kuieleza. Wimbo ulianzia pale. Pengine ungemweleza ulipotoka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekuja na gitaa, hukuja na suruali ya mumeo niliyokwambia ulete."

"Nitaileta. Baba, ile redio yako ya zamani iko wapi?"

"Redio ile?" Mzee alicheka, pini zikiwa bado zimebanwa midomoni. "Ilikufa zamani. Ilikuwa inaongea puani kama mtu mwenye mafua. Mama yako alisema hata taarifa ya msiba ukiisikia mle utacheka."

Alikuwa akishona mapazia, kitambaa kikimiminika kutoka mezani hadi sakafuni. Nanga aliketi kwenye kiti kile kile kifupi. Akachomoa hedifoni kwenye simu, kwa kuwa masikio yalikwisha kumchoka, akaiweka simu rafuni kando ya kopo la vifungo, akaufungulia wimbo.

Kutoka katika spika ile ndogo ya simu ilitoka sauti ya mwimbaji, magitaa mawili, tarumbeta. Na besi. Besi yake ilikuwamo: mbili za haraka, ya tatu imechelewa. Nanga alisimama wima.

"Hiyo! Baba, unaisikia?"

"Naisikia nini?"

Mzee alisimamisha mguu. Besi ikakoma. Mwimbaji aliendelea, magitaa yakaendelea, na chini yake hapakuwa na kitu.

"Usiache, Baba!"

"Uzi umekatika, mwanangu. Nishone kwa pumzi?"

Alitia uzi kwenye tundu la sindano bila haraka, akaulamba, akautia tena. Kisha akaweka mguu kwenye pedali. Pedali ikaenda chini, ikapanda, na kiungo cha mkanda wa ngozi, pale ulipounganishwa kwa kipande cha waya, kikagonga ukingo wa gurudumu kikiwa kimechelewa kidogo. Mbili za haraka. Ya tatu nyuma yao.

"Huu mkanda," Nanga aliuliza, "umeubadilisha lini?"

"Mkanda nimebadilisha mara nyingi. Ila mimi nimezoea kuunga kwa waya, basi unagonga tu. Wateja wanalalamika, nawaambia cherehani inahesabu pesa zao."

Nanga alijikuta akicheka, kisha hakujua kama anacheka. Kumbi zote zile. Watu walikuwa wamecheza mguu wa baba yake. Sikio lake halikuwa limekosea. Lilikuwa limesikia kwa usahihi kamili kitu ambacho hakikuwamo wimboni. Hakujua kama habari hiyo ni ya kumfariji au ya kumvunja. Aliketi tena hadi mapazia yalipokwisha, akikata nyuzi.

Ijumaa aliomba ruhusa ya nusu siku. Nyumbani alizitandaza zile karatasi mbili mezani, akavaa hedifoni, akachukua rula na kalamu nyekundu. Kama hakuweza kuliamini sikio lake, angefanya anavyofanya kazini: asili upande mmoja, nakala upande mwingine, bila kuamini upande wowote. Nota alizijua kwa shida, kama mtu anayesoma mwandiko wa daktari, lakini hakuwa na haraka. Alifunika karatasi kwa rula, akafunua kijichumba kimoja kati ya mistari wima, akasikiliza, akapiga, akafunua kingine.

Thelathini na viwili vya kwanza vilikuwa safi. Kwenye cha thelathini na tatu rula ilisimama. Marehemu, pale tarumbeta inapoingia, alikuwa akipanda ngazi yake kama kawaida. Karatasi ilisema mbili za haraka, ya tatu imechelewa. Vijichumba vinne mfululizo, kwa mwandiko mzuri wa Mwalimu, vilikuwa mguu wa baba yake.

Alirudia mara saba kabla ya kuweka alama. Kazini angeeleza kosa hilo bila kufikiri: mwenye kunakili akichoka huandika alichokizoea badala ya anachokiona. Lakini hapa aliyezoeleka ni yeye.

Jumamosi alifika studio kabla ya wengine. Mwalimu alipoziona alama nyekundu, alivaa hedifoni. Akasikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Masikio yalimwiva.

"Sikuisikia hii," alisema hatimaye. "Niliandika nini? Naapa nilikuwa naisikia."

"Ulikuwa unaisikia. Ulikuwa unanisikia mimi."

"Na wewe uliipata wapi?"

Akamweleza: redio, pedali, waya. Kokoto, aliyeingia katikati ya maelezo, aliweka mfuko wa vijiti chini taratibu. "Kwa hiyo miaka yote hii," alisema, "mimi nimekuwa nikishindana na cherehani? Na imenishinda?"

Mwalimu hakucheka. Alichukua kalamu ile ile nyekundu, akavisahihisha vijichumba vinne, akamrudishia karatasi. "Yule mwenzangu sitamwita," alisema. "Ila utaweza? Pale kwenye tarumbeta mkono utataka kwenda kwake."

"Najua. Ndiyo maana nitasoma."

Alipiga akiwa amekodoa macho karatasini mwanzo hadi mwisho. Mara mbili mkono ulichelewa, wakaanza upya. Mara ya tatu alipanda ngazi ya marehemu hadi juu bila kugeuka, na kwenye tarumbeta alihisi upweke ambao hakuutarajia, kama chumba ambamo cherehani imesimama.

Rekodi ilikubaliwa na binti wa mtunzi. Tangu hapo bendi hainakili wimbo bila watu wawili kusikiliza, na mmoja wao ni Nanga, mwenye rula. Kumbini bado anapiga besi yake ya zamani, na watu bado wanaichezea, ila sasa anapoipiga huona mguu wa baba yake na hupiga polepole zaidi kidogo kuliko zamani, kana kwamba anausubiri. Suruali ya mumewe aliipeleka Jumatatu iliyofuata.